Maneno ya Jikoni

Kambini,
3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, presha imeshuka, na wifi yangu hajachoka kukukumbusha dawa. Sisi hatujambo. Shemeji yako bado anafundisha. Darasa lina watoto themanini na yeye ana sauti moja. Goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua na mpaka sasa halijakosea. Mwanangu amefaulu mtihani wa udereva mara ya nne, kwa hiyo ukitoka tembea pembeni kabisa mwa barabara.

Nakuandikia kwa sababu tukiongea kwa simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Kwa barua angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua nimechimba juu ya kilima miaka kumi na minne, kwenye magofu ya nyumba za wakubwa wa kale, na nimepata kile ambacho wakubwa huacha, yaani kuta na majivuno. Mwaka huu nimeshuka kwenye jalala lao. Ningejua ningeanza huko. Shimo la tatu lina kina cha mita mbili, na kutoka juu mpaka chini limejaa mifupa, majivu na vigae vya vyungu. Sasa, ukifika mita moja na robo vyungu vinabadilika. Chini ya hapo ni vinene, vizito, vimechorwa kwa kijiti. Juu ya hapo ni vyembamba na vina mistari ya kitana. Mabadiliko yote hayo yako ndani ya unene wa kiganja cha mkono.

Ila ni vyungu tu, kaka. Nimelinganisha na nyumba za juu za wakati huohuo. Sakafu ni ileile ya duara, mafiga yako palepale kushoto kwa mlango, ng'ombe ni walewale, majembe ni yaleyale. Hakuna palipoungua, hakuna mishale, hakuna aliyekimbia akaacha kitu. Kitabu chako kinasema watu wetu walikuja na kila kitu chao na hawakuchukua chochote kwa mtu. Nauliza kwa heshima: hivi vyungu walivipata wapi? Maneno yako yanasemaje kuhusu vyungu?

Salamu kwa wote. Halafu kuna jambo dogo. Ile barua ya kumposa binti yako, iliyotoka ng'ambo ya mto ikakufikia mwezi wa kumi na mbili, wenyewe wanauliza kama posta iliipoteza. Nimewaambia posta yetu haijambo.

Mdogo wako


Nyumbani,
21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika baada ya siku kumi na mbili, imekunjika kona moja, mengine salama. Presha iko palepale, ni kitu pekee mwilini mwangu ambacho hakitaki kushuka. Wifi yako hajambo. Amehamisha maboksi yangu ya kadi kutoka sebuleni kwenda stoo, na amesema nikiyafuata huko hatanizuia. Tangu nistaafu chuoni amegundua kwamba nyumba ni ndogo.

Mpe dereva hongera. Nitatembea pembeni.

Kuhusu vyungu, maneno yangu hayasemi kitu, na sababu ni ya kitaaluma. Sisi watu wa isimu tuna orodha ya maneno mia mbili. Ni maneno ambayo kila jamii ya watu inayo hata kama haina kitu kingine: jicho, maji, jiwe, moja, mbili, kula, kufa. Hakuna anayeazima neno la jicho kwa jirani, kwa kuwa kila mtu amezaliwa na lake. Ukiweka orodha za lugha mbili pamoja ukaona zinafanana, hizo ni ndugu. Zisipofanana, kila moja ina kwao. Maneno ya vyungu, vifuniko na miiko hayamo, kwa sababu hayo huazimwa kama chumvi. Mtu makini hajengi historia juu ya chumvi.

Lugha yetu na ya wafinyanzi wa ng'ambo ya mto nilizilinganisha mwenyewe. Katika maneno mia mbili yanafanana tisa, na kati ya hayo sita yanafanana kwa bahati. Hatukuwahi kuchanganyika na wale wafinyanzi. Marehemu baba alikuwa akisema hivyohivyo bila orodha yoyote. Vyungu vyako vitakuwa vilinunuliwa.

Barua zangu nyingine nimezipata. Nazisoma kwa zamu.

Kaka yako


Kambini,
12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mvua imenyesha siku tatu, goti lilisema. Shimo lilijaa maji tukayatoa kwa ndoo, na chura mmoja amekataa kuhama. Shemeji yako amepunguziwa darasa, sasa ana watoto sabini na sita. Binti yako hajambo, anakula vizuri na amenenepa kidogo usoni.

Habari ya chumvi nimeisoma mara mbili. Hivi kaka, huko kwenu nani huenda kuazima chumvi? Nimekaa nyumbani kwako likizo ngapi, sijawahi kukuona umeshika kikombe unaelekea kwa jirani. Anayekwenda ni wifi. Kwa hiyo mtu akitaka kujua wanawake wa zamani walikuwa wanakwenda wapi, mimi namwambia aifuate hiyo chumvi yako.

Nikueleze nilichokiona. Hapa kambini nimemwajiri mfinyanzi, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, anisaidie kusoma vyungu. Unamjua kwa maandishi, kwa sababu jina lake liko katika moja ya zile barua unazosoma kwa zamu. Nilimpa kigae akaingiza kidole ndani, akapapasa, akaomba kingine. Vigae vya chini, alisema, vilijengwa kwa kamba za udongo, kamba juu ya kamba, kuanzia chini kwenda juu. Vya juu vilianzwa kwa bonge moja lililotobolewa kwa ngumi, mdomo ukavutwa kwanza, kitako kikafungwa mwisho kabisa. Hivyo ndivyo wanavyofanya kwao mpaka leo.

Sasa sikiliza. Mchoro wa nje mtu anaweza kuuiga akiwa amesimama sokoni. Namna ya kufunga kitako haionekani, iko ndani. Huyu bwana alifundishwa na mama yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alikaa kando yake tangu ana miaka sita, na kila akikosea anapigwa kikofi cha mkono. Na udongo, kaka, ni wa kilima chetu. Una chembe zilezile nyeusi za kijito cha hapo chini. Kwa hiyo vyungu havikununuliwa. Vilifinyangwa hapahapa, na mikono iliyofundishwa ng'ambo. Maabara wamepima makaa ya tabaka hilo, wanasema miaka mia nane, ongeza au punguza arobaini.

Una maneno ya jikoni? Nakujua, wewe hujawahi kutupa hata tiketi ya basi. Nitumie.

Mdogo wako


Nyumbani,
2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Huku pia mvua imenyesha, bati la stoo linavuja, na boksi la herufi M limelowa. Nimelianika.

Umeniandikia kwamba binti yangu anakula vizuri. Sikuwa nimeuliza. Kwa habari nilizokuwa nazo mimi, binti yangu yuko mjini kwa rafiki yake anatafuta kazi ya kuchora. Nilimuuliza mama yake, akaniambia yuko kwako tangu mwezi wa kwanza. Nilimuuliza jirani kama alijua, naye akaniuliza kama mimi sikujua. Kwa hiyo katika mtaa huu mzima aliyekuwa gizani ni baba mtu peke yake.

Maneno ya jikoni ninayo. Ni kadi mia tatu na kumi na mbili ndani ya boksi la viatu, chini ya kitanda. Niliyakusanya nikiwa kijana, bila utaratibu, na hayana thamani ya kitaaluma. Sitayatuma.

Kuhusu vitako vya vyungu sina la kusema, si fani yangu. Baba alisema hatukuwahi kuoana na watu wa ng'ambo tangu dunia iumbwe, na baada yake mkubwa ni mimi. Nakuomba uchimbe kile ulichopewa kibali cha kuchimba.

Kaka yako


Kambini,
25 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, tuko salama sote, nami naanza na kosa langu kwa sababu nisipoanza nalo nitalikwepa.

Ni mimi niliyewakutanisha. Mwaka jana mwezi wa saba nilihitaji mchoraji wa vigae nikamwita binti yako, nikamweka meza moja na mfinyanzi kwa kuwa meza yenyewe ni moja. Kwa wiki sita waliunganisha chungu kimoja kilichovunjika vipande mia moja na arobaini. Siku tatu nzima walitafuta kipande kimoja cha mdomo, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mimi na shemeji yako tukitafuta funguo dakika kumi tunahitaji msuluhishi. Nikajua hapo pana ndoa. Nilitaka kukuambia, nikaogopa. Nisamehe kwa kukuficha. Kwa kuwakutanisha sijuti.

La pili, boksi la viatu ninalo. Wifi amelituma kwa basi, limefungwa kamba, na juu yake kikaratasi: "Nimelipangusa vumbi miaka thelathini na moja. Sasa zamu yako." Usimgombeze. Hakusema zaidi ya hayo nami sikumuuliza.

Tumezipanga kadi mezani, binti yako, mfinyanzi na mimi. Kila kadi kushoto ina neno letu, kama alivyolitamka marehemu mama, na kulia neno la ng'ambo. Kati ya kadi mia tatu na kumi na mbili, mia mbili na nne ni neno lilelile pande zote mbili. Kukanda udongo, kuvuta mdomo, kufunga kitako, kuchoma, masizi, mafiga, ukoko. Utasema ni biashara. Lakini sokoni mtu hununua chungu na jina la chungu, hanunui jina la udongo unaobaki ndani ya kucha. Halafu tukafika fungu la mwisho: kumbeba mtoto mgongoni, kumbembeleza, jino la kwanza, kumwachisha ziwa. Hayo nayo ni yaleyale, na hakuna soko linaloyauza. Ila jembe, mkuki, zizi na mpaka wa shamba, ambavyo uliviweka kwa kulinganisha, kila upande una lake.

Kwa hiyo hakuja jeshi, wala hatukununua kitu. Walikuja wanawake. Waliolewa hapa kilimani, wakafinyanga kama walivyofundishwa kwao, wakabembeleza watoto kwa maneno yao, na watoto hao ndio sisi. Shimo langu peke yake lisingejua nani alikuwa anapika. Orodha yako peke yake isingejua kama kulikuwa na jiko. Ukiviweka mezani pamoja, bibi zetu wanaonekana wazi kabisa, wamekaa kushoto kwa mlango.

Kitu kinachonisumbua ni kijana aliyeandika kadi hizi. Haiwezekani hakuona. Ameandika kushoto, akaandika kulia, kwa mkono wake. Kisha baada ya miaka sita akatoa kitabu kinachosema kinyume.

Nimezigeuza pia. Katika kadi zako zote ninazozijua, nyuma umeandika umri wa msemaji, kazi yake na kijiji chake, hata kama ana pengo. Katika hizi, msemaji wa kushoto ni "mama". Wa kulia, mara mia tatu na kumi na mbili, ni "yeye", na tarehe. Binti yako ametafuta kalenda ya zamani. Tarehe zote ni Jumamosi. Mfinyanzi aliposikia hivyo akasema mama yake mkubwa aliwahi kumsimulia habari za kijana mmoja wa kadi aliyekuwa akija Jumamosi kwa baiskeli. Kisha akatoka kwenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi.

Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Mdogo wako


Kambini,
30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu. Wifi anasema u mzima, unakula, na unasoma gazeti la juzi. Kazi hapa inaisha mwezi wa nane na mfinyanzi atarudi kwao. Kwao barua ya posa haiandikwi mara mbili. Ikikaa bila jibu hadi mavuno wanahesabu ni hapana, na hawalaumu. Nilimwambia binti yako kwamba wapo watu wanaofunga ndoa bila kusubiri baba. Akasema yeye hataolewa kupitia mlango wa nyuma, halafu akarudi kuchora. Amechora kigae kimoja siku mbili.

Nasubiri.

Mdogo wako


Nyumbani,
15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sina habari za familia kwa sababu sijaongea na mtu. Wifi yako ananipikia na kunitazama.

Nitaeleza mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, chuo kilinituma ng'ambo kukusanya ile orodha ya maneno mia mbili. Kazi yake ni siku mbili. Mimi nilikwenda misimu miwili ya kiangazi, kila Jumamosi. Tulipomaliza jicho, maji na jiwe, nilimuuliza yule msichana aliyekuwa akinijibu kuhusu kile alichokuwa anakifanya kwa mikono, kwa kuwa hakuwahi kuiacha ikae. Alinitajia kila kitu. Nikirudi nyumbani jioni namuuliza mama, naye ananipa neno lilelile bila kunyanyua kichwa, na mimi nacheka peke yangu. Sijapata kuwa na furaha kama ile, kazini wala penginepo. Nalisema wazi, na wifi yako analijua tangu kabla hatujaoana.

Nilitaka kumwoa. Sikwenda kwa baba kuomba, nilikwenda na ushahidi, na hilo ndilo kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu wa kadi tu. Mwingine angelia, au angemtuma mjomba. Mimi nilipanga kadi zote juu ya meza ya chakula kwa mafungu, nikamweleza kwa nusu saa kwamba hawa ni wakwe zetu tangu zamani. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kadi moja, akaisoma, akairudisha mahali pake vizuri. Akasema, "Hayo ni maneno ya jikoni." Kisha akaomba meza iondolewe vitu ili watu wale chakula.

Nikasema ndiyo, baba. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Sikwenda tena, na sikuandika.

Orodha ya maneno mia mbili sikuitunga mimi, lakini niliipenda kuliko ilivyostahili, kwa sababu haina jiko. Nimewafundisha wanafunzi miaka thelathini kwamba maneno ya jikoni si ushahidi. Wakiniuliza kwa nini, niliwapa sababu za kitaaluma, na zilikuwa sababu nzuri, nilizitafuta kwa bidii. Maneno yenyewe yalikuwa ya baba.

Sasa binti yangu anataka kile nilichonyimwa, kwa watu walewale, tena katika nyumba ileile, maana umeniambia huyo mama mkubwa ni nani. Nikisema ndiyo leo, mdogo wangu, basi ile "ndiyo" niliyompa baba ilikuwa ya bure. Ni kwa sababu hiyo tu nimeikalia barua miezi sita. Na kijana mwenyewe sina tatizo naye. Ana mwandiko mzuri.

Kaka yako


Kambini,
26 Juni

Kaka,

Shikamoo. Goti halijambo, sote hatujambo. Barua yako niliisomea shimoni, kisha nikapanda juu nikaenda kukaa ndani ya gari.

Nilikuwa na miaka kumi wakati ule. Nakumbuka siku meza ilipoondolewa, kwa sababu nilitumwa kuleta sahani, na nilikuona unakusanya vikaratasi kimoja kimoja kwa mpangilio. Nilidhani umeshindwa mchezo fulani.

Umeandika kitu kama swali na sitakuzungusha. Ndiyo, kaka, ilikuwa bure. Baba alikosea. Alikuwa na ushahidi mezani akaomba chakula. Ulimtii kwa kuwa ulikuwa mtoto mwema, na wema huo haukumfaa mtu: si yeye, si wewe, si yule mama, wala wifi yangu aliyepangusa vumbi lisilo lake. Naandika hili nalia, kwa hiyo usidhani nakusema. Lakini ukikataa leo, ile ya kwanza haitageuka kuwa na maana. Tutakuwa tu na mambo mawili ya bure badala ya moja, na la pili litakuwa la binti yako, ambaye hakuwepo hata siku ya kwanza.

Sijamwambia. Ni wewe wa kumwambia, au wa kutomwambia.

Makala ya shimo na kadi inatakiwa mwisho wa mwezi wa nane. Nimeandika jina langu nikaacha nafasi ya lako. Ukikubali itabidi ukipinge kitabu chako mwenyewe hadharani. Watu wengi watafurahi, hasa uliowafelisha.

Mdogo wako


Nyumbani,
11 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu. Ndiye aliyenipigia pasi shati, akaniambia nisirudi na jibu la kitaaluma. Nilimwomba radhi kwa habari ya vumbi. Akasema vumbi si kitu, kilichomchosha ni kuinama.

Utaratibu naujua. Barua ya posa hujibiwa kwa barua, na watu wa upande wa mwanamke hukaa kwao wakingoja wageni. Niliandika jibu mara saba, na kila nilipolisoma niliona limejaa tanbihi. Mwisho nikapanda basi la asubuhi nikaenda mwenyewe.

Hawakunitarajia. Ilikuwa siku ya kuchoma vyungu, uwanja wote moshi, na kijana alikuwa na masizi mpaka masikioni. Aliponiona alinyoosha mkono, akautazama, akaurudisha, akaniamkia kwa mbali. Binti yangu, kumbe umewapa ruhusa wote wawili, alikuwa amekaa upande wa pili anachora tanuri. Hakusimama. Alinitazama kama mama yake anavyonitazama, kisha akageuza karatasi akaanza ukurasa mpya. Baadaye tulitembea mpaka mtoni na nikamwambia yote. Alinishika mkono njia nzima ya kurudi, kitu ambacho hajakifanya tangu ana miaka minane.

Mama mkubwa wa kijana alikuwa chini ukutani, anafunga kitako. Nywele zote ni nyeupe. Nilimtambua kwa mikono. Ilikuwa na udongo hadi kwenye vifundo, kwa hiyo alinipa kiwiko nikakishika, akaendelea na kazi, kwa kuwa kitako kikiachwa katikati hupasuka. Nilisimama pale kama robo saa. Mtu wa kusimama robo saa bila kuandika kitu si mimi, lakini sikuwa na kalamu.

Alipomaliza nikasema nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekipanga vingine, kikatoka hivi: "Posa tumeikubali. Na ile Jumamosi nilipaswa kuja nikueleze, sikuja. Naomba unisamehe."

Akasema, "Nilingoja Jumamosi mbili. Ya tatu nilikuwa na kazi."

Akaniuliza kama nina masharti, maana baba wa bibi harusi huwa nayo. Nikamwambia ninalo moja, kwamba katika makala yawepo majina matatu, lako, langu na lake, ili nifute "yeye" katika kadi zote na kuandika msemaji ipasavyo. Akasema jina lake halina haja ya kwenda mbali hivyo, niandike mfinyanzi, watu wa hapa watajua. Nimeandika hivyo. Na lile la kitabu changu nimelikubali, nitalisema mwenyewe, katika ukurasa wa kwanza. Uwape taarifa niliowafelisha.

Kisha akanawa kwenye ndoo, taratibu, kidole kwa kidole, akajipangusa, akaenda akasimama mlangoni. Akaniita, "Mkwe, karibu ndani."

Nikaitika. Nikamwomba anipe dakika moja, nikabaki pale nje mpaka nilipoweza kuingia.

Kaka yako